Mshale wa Nyuzi Nne

Jumatano ya mwisho ya Oktoba 2006, saa moja na nusu asubuhi, Mwanamkasi alifungua jokofu la jiko la mafunzo, na harufu iliyotoka ikamfanya arudi nyuma akijiziba pua kwa mtandio. Kuku aliowatia viungo Jumatatu walikuwa wamelegea na kuanza kuteleza. Maziwa yalikuwa yamekatika. Samaki hakuthubutu hata kuwafunua. Mikono yake ilikuwa bado na hina ya sikukuu, na kwa mikono hiyo aliegemea meza ya chuma.

Juu ya mlango wa jokofu, kipimajoto cha duara kilikuwa kikionyesha nyuzi nne, kiwango kamili kinachotakiwa na kanuni. Lakini sakafuni, plagi ya jokofu ilikuwa imelala. Soketi yake ilichomekwa birika la umeme, na kando ya birika palikuwa na kikombe kilichobaki na robo ya chai, utando umeganda juu yake.

Kesho yake, Alhamisi, mkaguzi wa nje kutoka taasisi inayotunuku vyeti angefika katika chuo hicho kidogo cha mapishi, nyuma ya barabara kuu ya Erdington, jijini Birmingham, Uingereza, kushuhudia mtihani wa mwisho wa vitendo. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa wakiusubiri, na wengi wao walishaahidiwa kazi katika jikoni za shule na hospitali. Mpimaji wao alikuwa mmoja tu, Mwanamkasi. Mpimaji anayethibitika kuacha chakula cha mtihani kioze hunyang'anywa idhini yake, na mtihani usio na mpimaji haufanyiki.

Ilipofika saa mbili na nusu, mkuu wa chuo, mwanamke wa Kiingereza aliyekaribia kustaafu, alikwisha kuyasikia yote. Mbele yake walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa Barnabas, Mkenya mtanashati mwenye sauti ya upole, naibu wake anayesimamia viwango na kanuni. Wa pili alikuwa Annonciata, mratibu wa ubora wa ndani, mama wa makamo aliyekuwa mkaguzi wa shule mjini Bukavu kabla vita havijamleta Birmingham.

"Nitaagiza jokofu liondolewe leo hii," alisema Barnabas. "Haiwezekani mkaguzi akute kitu kinanuka jikoni. Na barua ya kumsimamisha mpimaji nitaituma kwenye taasisi saa nane mchana. Tukijishtaki wenyewe, huenda chuo kikanusurika."

"Na mtihani?" aliuliza mkuu.

"Utaahirishwa. Pengine mwakani."

Annonciata alikunja miwani yake. "Nipeni mpaka hiyo saa nane," alisema. "Kanuni yetu wenyewe inasema hakuna mpimaji anayesimamishwa kabla mratibu hajauliza maswali."

Mkuu alikubali. Barnabas alitabasamu kama mtu asiye na lolote la kupoteza.

Annonciata alimhoji Barnabas kwanza, nje koridoni. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwao.

"Jumatatu wewe ulifika jikoni, Bwana Barnabas?"

"Madam, hii maneno iko wazi kabisa. Nilipitia hapo saa nane mchana hivi. Unakumbuka tulikuwa tumefunga masomo ya jikoni kwa sababu ya Idi, tangazo niliandika mimi mwenyewe. Lakini Mwanamkasi alikuwa amekuja kuandaa vitu vya mtihani. Nilimpata amesimama na kikombe mkononi. Akaniambia, 'Karibu chai, bwana, leo ni sikukuu.' Nikaona birika limechomekwa mahali pa fridge. Nikajua atarudisha plagi. Mtu mzima utamfuata na plagi?"

"Ulikunywa hiyo chai?"

"Nilimshukuru tu nikaenda. Yeye alikuwa anakunywa." Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ni mama mzuri. Lakini uzembe ni uzembe."

"Na wewe ulitoka chuoni saa ngapi?"

"Saa tisa. Nilikuwa na mambo ya nyumbani."

Annonciata alimshukuru, akaenda mapokezi. Huko alimkuta Kulwinder, dada wa Kipunjabi aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo na ambaye hakuna jambo lililompita. Alikuwa ameegemeza simu begani huku akipanga funguo kwenye ubao nyuma yake.

"Jumatatu nani aliingia?" Annonciata aliuliza kwa Kiingereza.

"Karibu hakuna. Nusu ya chuo walikuwa sikukuu. Mwanamkasi tangu asubuhi. Bwana Barnabas. Halafu yule Yasir, saa nane na nusu, ameshika kitu kimefunikwa kitambaa. Nilipomuuliza ni nini, akasema, 'Siri ya serikali.' Unamjua Yasir."

Kila mtu alimjua Yasir. Wiki tatu kabla, Mwanamkasi alimfelisha jaribio la kwanza kwa kukata saladi na kisu kilichotoka kwenye kuku mbichi, naye akaondoka akipiga mlango na kusema mbele ya darasa zima kwamba mwalimu atajuta.

"Simu zozote?"

"Moja ya maana. Mkaguzi wa kesho alipiga Jumatatu asubuhi. Alisema safari hii atakuja na kipimajoto chake mwenyewe, alinganishe na vyetu vyote, kimoja kimoja. Nikamfikishia Bwana Barnabas." Aliishusha simu kwa hasira. "Na sasa hawa watu wa lori la mitambo mibovu! Nawauliza kama wako njiani, wananiweka na muziki. Ni wagumu hawa. Ukitaka waje leo hawaji. Ni lazima uwe umewaambia tangu jana yake."

"Pole," alisema Annonciata, ambaye akili yake ilikuwa bado kwa Yasir, akageuka kuondoka. "Ufunguo wa jiko unao nani?"

"Mmoja Mwanamkasi. Mwingine uko ofisini kwa Bwana Barnabas."

Mwanamkasi alikuwa ameketi katika chumba cha walimu, mkoba magotini, kama abiria aliyeambiwa gari lake limeshaondoka. Annonciata alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Mama Mwanamkasi, mi niko nauliza tu, usiogope. Jumatatu hapa jikoni ulikuwa peke yako?"

Mwanamkasi alisita kidogo. "Peke yangu."

"Na ile chai? Uliipika saa ngapi?"

"Chai?" Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mwanamkasi aliinua uso. "Chai gani tena, Dada Annonciata? Jumatatu mie nimefunga!"

"Mais, lakini tangazo linasema Jumatatu ilikuwa Idi."

"Idi ya waliokula Jumatatu. Sie msikitini kwetu tulingojea mwezi uonekane. Jumapili haukuonekana, tukakamilisha thelathini. Idi yetu ilikuwa jana." Alicheka bila kupenda. "Jirani yangu wa mlango wa pili ananiletea harufu ya biriani tangu asubuhi, na mie kinywa kikavu kama mkeka. Ndivyo Birmingham hii, dada. Mji mmoja, Idi mbili, na kila msikiti una hakika na wake."

Annonciata alikuwa ameishi Birmingham miaka sita akidhani kwamba Idi, kama Krismasi, ina siku moja kwa watu wote. Yeyote aliyelisoma tangazo la chuo angedhani hivyohivyo. Na aliyeliandika angekuwa na hakika zaidi kuliko wote.

"Bwana Barnabas anasema alikukuta saa nane mchana na kikombe, unakunywa."

"Mie?" Mwanamkasi alishika kifua. "Wallahi huyo mtu sijamtia machoni Jumatatu kutwa. Mie ninywe chai mchana wa Ramadhani, siku ya mwisho, nimeshapiga mbio mwezi mzima?"

"Nakusadiki. Lakini neno lako na neno lake ni maneno mawili tu. Iko mutu alikuona?"

Kusita kule kukarudi. Mwanamkasi alitazama hina yake. "Hakuna."

Annonciata alikuwa amehoji walimu wa shule mamia kwa mamia katika maisha yake. Alijua tofauti ya anayeficha ubaya na anayemfichia mtu.

Alimtuma Kulwinder amwite Yasir. Kijana alifika saa tano na robo, kofia ya baridi mpaka kwenye nyusi, akakaa bila kuambiwa.

"Nasikia mnasema mimi," alianza. "Serious, Mama, kwa sababu nilisema atajuta? Nilikuwa na hasira. Kila mtu akifelishwa anasema."

"Jumatatu ulileta nini umefunika kitambaa?"

"Hakuna kitu."

"Yasir, mwanangu. Kulwinder aliona. Na saa nane mwalimu wako atapoteza kazi, na nyinyi wote mtapoteza mtihani. Kama ile kitu ni mbaya, niambie sasa. Kama ni nzuri, kwa nini unaificha?"

Yasir alivua kofia akaizungusha mikononi. "Ilikuwa jeli," alisema.

"Jeli?"

"Jeli, Mama. Nyekundu. Mama yangu alitengeneza kwa Idi, sisi tulikula Jumatatu. Fridge yetu imejaa mpaka mlango haufungi, ikawa bakuli moja limebaki maji tu, halijashika. Mama akasema mpelekee mwalimu wako, mkapatane, sikukuu haina ugomvi. Nikampelekea. Kumbe yeye kafunga!" Aliangua kicheko, kisha akajizuia. "Akaniambia, 'Wee Yasir, wanijia na Idi yako mie mwezi wangu bado uko mbinguni?' Tukacheka sana. Akaitia ndani ya fridge ya mtihani ishike, akasema atafuturia."

"Na alifuturia?"

"Nilimngoja. Magharibi ilipoingia akanawa, akala tende, akatoa lile bakuli. Imeshika vizuri, ukiligonga inatikisika. Tukala chumba cha walimu, akafunga jiko, nikamsindikiza mpaka kituo cha treni."

"Sasa hii yote iliogopesha nini?"

"Si kanuni? Chakula cha nyumbani hakiingii kwenye fridge ya mtihani. Ndilo somo la kwanza alilotufundisha yeye mwenyewe. Akasema mkaguzi akijua, idhini yake inaondoka. Nikamuapia sisemi."

Annonciata alimwita Mwanamkasi. Mwanamkasi alipomwona Yasir ameketi kichwa chini, alielewa.

"Umesema," alimwambia.

"Nimesema, Mwalimu. Nisamehe."

"Si wewe wa kusamehewa." Mwanamkasi alimgeukia Annonciata, na sasa sauti yake ilikuwa imenyooka. "Kweli, niliitia. Mtoto kaniletea sahani ya Idi baada ya ugomvi, dada, ningemrudishaje nayo mlangoni? Nililifunika bakuli, nikaliweka rafu ya peke yake. Kosa ni langu. Andika."

"Nitaandika," alisema Annonciata. "Lakini niambieni kwanza: ilishika kweli? Ngumu?"

"Ngumu," walijibu wote wawili pamoja.

Jeli haishiki kwa maneno. Hushika kwa baridi. Bakuli lililoingia likiwa maji saa nane na nusu halingetoka likitikisika magharibi kama jokofu lingekuwa limechomolewa tangu saa nane. Kwa hiyo plagi ilitolewa baada ya hao wawili kuondoka, na mtu aliyepanga birika na kikombe alikuwa akiigiza Idi ya mwanamke aliyekuwa bado amefunga.

Lakini kwa nini? Annonciata aliijua mipaka ya kile alichokuwa nacho. Uongo huonyesha mwongo. Hauonyeshi sababu yake. Alisimama mbele ya jokofu, sasa tupu na limeoshwa kwa maji ya moto, akalitazama muda mrefu. Lilikuwa limechomekwa tena nusu saa iliyopita na ndani bado kulikuwa na uvuguvugu. Kipimajoto cha mlangoni kilisema nyuzi nne.

"Mama Mwanamkasi," aliita, "wewe kila asubuhi unapima joto namna gani?"

"Kwa kipimajoto changu cha mkono. Nakichoma ndani ya chakula chenyewe. Hicho cha mlangoni sikijali, maana siku zote chasema sawasawa na changu."

"Siku zote?"

Mwanamkasi aliutazama mshale, akasema polepole, "Siku zote nne."

Annonciata aliomba bisibisi. Yasir alilivuta jokofu kutoka ukutani. Kutoka kwenye kipimajoto kulishuka mrija mwembamba wa shaba, ule unaobeba habari za baridi kutoka ndani hadi kwenye mshale. Ulipofika katikati ya mgongo wa jokofu, uliishia hapo. Ulikuwa umekatwa. Na ncha yake ilikuwa imezibwa na rangi nyeupe, rangi ileile iliyopakwa jokofu zima.

"Lilipakwa rangi lini?"

"Kiangazi cha mwaka juzi," alisema Mwanamkasi. "Lilishika kutu. Barnabas ndiye aliyewasimamia mafundi."

Annonciata alifungua kioo cha kipimajoto, akausukuma mshale kwa ncha ya kucha. Haukusogea. Chini yake kulikuwa na tone la gundi lililokauka, rangi ya asali. Pembeni mwa kioo kulibandikwa kibandiko cha kijani chenye maneno "Kimehakikiwa, Agosti 2006" na sahihi ya Barnabas.

Wakati huohuo mlango wa nyuma uligongwa. Ilikuwa saa sita kamili. Lori lilikuwa limesimama uani, na wanaume wawili wenye glavu walisimama kizingitini na kitoroli.

"Tumekuja kuchukua jokofu," alisema mmoja.

Annonciata alibaki na bisibisi mkononi. Maneno ya Kulwinder, aliyoyapita asubuhi bila kuyajali, yalimrudia. Ni lazima uwe umewaambia tangu jana yake.

"Bwana," alimuuliza yule mtu kwa adabu, "mliitwa lini?"

"Jana asubuhi, mama. Mwisho wetu wa kupokea kazi za leo ilikuwa jana."

"Yasir," alisema Annonciata bila kugeuka, "kamwite mkuu wa chuo. Na Kulwinder. Na Bwana Barnabas. Kimbia."

Walikusanyika jikoni, wale wa lori wakingoja mlangoni kwa udadisi usiofichika. Barnabas aliliona jokofu limesogezwa mbali na ukuta na kioo cha kipimajoto kimefunguliwa. Uso wake haukubadilika, ila mkono mmoja uliingia mfukoni.

Annonciata alizungumza Kiingereza ili mkuu asikie, taratibu, kama anayesoma taarifa.

"Bwana Barnabas ameniambia kwamba Jumatatu saa nane mchana alimwona Mwanamkasi akinywa chai ya Idi, na jokofu limechomolewa. Mwanamkasi siku hiyo alikuwa amefunga. Idi yake ilikuwa Jumanne."

"Ati Jumanne?" Barnabas alicheka kidogo. "Madam, Idi ilikuwa Jumatatu. Kila mtu anajua."

"Mama yangu alikula Jumatatu," alidakia Yasir. "Mwalimu alikula jana. Nenda misikitini Small Heath ukawaulize, wamegombana wiki nzima."

"Basi nilisikia vibaya aliposema sikukuu. Pengine alisema kitu kingine."

"Ulisema alikuwa anakunywa," alisema Annonciata. "Na ulisema plagi ilikuwa nje. Lakini saa nane na nusu jeli iliingia humu ikiwa maji, na magharibi ikatoka imeshika. Ni kosa dhidi ya kanuni zetu na Mwanamkasi amelikiri kwa kinywa chake. Amejishtaki kwa kosa dogo, na ushahidi wa kosa hilo ndio unaomtoa kwenye kubwa."

Mkuu alimtazama Mwanamkasi, kisha Barnabas.

"Jeli!" alisema Barnabas. "Tunaongea habari ya jeli? Labda alitengeneza chai baada ya kula hiyo jeli yenu. Labda alichomoa saa kumi na mbili."

"Inawezekana," alikubali Annonciata. "Kwa hiyo ile ya saa nane hukuiona. Tunaendelea. Leo saa mbili na nusu, ofisini, ulisema utaagiza jokofu liondolewe. Kulwinder, Bwana Barnabas alikwambia lini uagize lori?"

Kulwinder alimgeukia Barnabas. Macho yake yalikuwa makubwa. "Jana," alisema. "Jana alipofika tu asubuhi. Nilidhani... nilidhani tunaletewa jipya."

"Jana, kama kila Jumanne, jiko lilikuwa limefungwa kwa kufuli," alisema Annonciata. "Mwanamkasi alikuwa kwenye sikukuu yake. Hakuna aliyekuwa amefungua mlango huu. Hakuna aliyenusa kitu. Sasa, Bwana Barnabas, ulijuaje jana kwamba leo tutakuwa na jokofu la kutupa?"

Mmoja wa watu wa lori alipiga mluzi mdogo.

Annonciata aliushika mrija wa shaba akaonyesha ncha iliyozibwa rangi, kisha akaugusa mshale ambao haukutikisika. "Mafundi waliukata mrija huu miaka miwili iliyopita. Tangu hapo kipimajoto hiki hakipimi chochote. Mtu ameubandika mshale kwenye nne kwa gundi. Na kila Agosti mtu amebandika hiki cha kijani na kutia sahihi. Jumatatu asubuhi mkaguzi alipiga simu kwamba atakuja na chake alinganishe."

Alihamia kwenye Kiswahili, na sauti yake ikawa laini, karibu ya huruma. "Bwana Barnabas, hukuwa na chuki na huyu mama. Ulitaka tu ile jokofu itoke hapa mbele ya kesho, na iwe na sababu ya kutoka. Njo maana ukamtafutia makosa. Siyo vile?"

Barnabas aliketi kwenye stuli ya wanafunzi. Alipozungumza, ilikuwa kama mtu anayetua mzigo alioubeba mpaka mabega yakafa ganzi.

"Nilikuwa na wiki mbili tu kwenye hii kazi," alisema. "Miaka saba nimefagia ofisi za watu hapa Birmingham na digrii yangu iko kwa sanduku. Nikapata hii. Mafundi wakakata hiyo kitu, na ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Nikasema nibandike tu, Jumatatu niite mtu. Ukaguzi ukapita, tukapewa sifa. Sasa ningemwambia nani? Mwaka uliofuata ilikuwa lazima nitie sahihi tena." Alijifuta uso. "Jumatatu jioni nilirudi saa moja, nikachomoa fridge, nikaweka birika na hiyo kikombe. Sikujua mambo ya Idi mbili. Hakuna mtu aliniambia kuna Idi mbili."

"Ungeniuliza," alisema Mwanamkasi.

Alisema hivyo tu, bila ukali, lakini Barnabas aliinamisha kichwa kuliko wakati wowote.

"Nisamehe, Mama."

"Msamaha utaupata. Lakini barua ya kunisimamisha ichane mbele yangu."

Aliitoa mfukoni, akaichana. Mkuu wa chuo alimwomba amkabidhi funguo zake na amngoje ofisini. Alitoka akipita katikati ya wanafunzi ambao, kwa namna isiyojulikana, walikuwa wamekwisha kujaa koridoni.

"Na mtihani?" aliuliza Yasir. "Hatuna fridge, hatuna kuku."

Mkuu alimtazama mratibu wake. "Tunaweza?"

"Tunaweza kwa sharti moja," alisema Annonciata. "Mkaguzi aambiwe yote kabla hajavua koti. Mshale, gundi, na ile jeli pia."

Kisha akawageukia wale wa lori. "Mabwana, hili jokofu ni ushahidi, halitoki. Lakini mmelipwa kubeba jokofu. Iko lingine kanisani kwetu Nechells, jipya, la karamu za harusi. Mtalibeba mpaka hapa?"

"Mama," alisema yule mkubwa, akicheka, "kwa jinsi nilivyoburudika leo, nitalibeba mgongoni."

Alasiri yote jiko lilikuwa kama nyumba yenye harusi. Jokofu la Wakristo wa Kongo liliingia likisukumwa na Waislamu wa Unguja, ndugu wa msikitini kwa Mwanamkasi, wakielekezana kwa sauti za juu lipi ni kulia na lipi ni kushoto. Kuku wapya walikuja kutoka kwa mchinjaji wa halali, samaki kutoka sokoni, na Mwanamkasi, kilemba kimefungwa upya, alipima kila kitu kwa kipimajoto cha mkono huku akiwakemea wote bila ubaguzi.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa tatu, mwanamke mrefu mwenye mkoba wa ngozi. Annonciata na mkuu walimpeleka kwanza kwenye jokofu la zamani. Alisikiliza yote. Aliusukuma mshale kwa kidole chake mwenyewe. Aliuliza maswali machache makavu, akasoma vipimo vya Mwanamkasi vya mwaka mzima, kisha akafungua mkoba, akatoa kipimajoto chake na kukichoma katika chakula cha jokofu la Nechells, rafu baada ya rafu.

"Nimefunga vyuo vitatu mwaka huu," alisema hatimaye. "Vyote viliniambia kila kitu ni kamilifu. Hiki ni cha kwanza kunipeleka chenyewe kwenye kasoro yake." Alivua koti lake na kulitundika. "Bwana Barnabas nitashughulika naye kwa njia zake. Bakuli la jeli litapata onyo la maandishi. Kipimajoto kipya kabla ya Krismasi. Na mtihani..."

Alitazama wanafunzi kumi na wanne waliosimama nyuma ya meza zao, aproni nyeupe, visu vimepangwa.

"Mpimaji wa darasa hili ni nani?"

Mwanamkasi alipiga hatua mbele.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mapokezi. "Kanaweni mikono. Tunaanza."